Kitovu cha Ujumbe: Jinsi Mifumo ya Hospitali Inavyowasiliana

Mama mjamzito anayehudumiwa Magomeni aweza kupewa rufaa ya kwenda Mwananyamala, na kutoka huko akapelekwa Muhimbili, ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Mara nyingi kinachounganisha vituo hivyo vitatu ni karatasi iliyokunjwa mkobani mwake. Ikipotea, vipimo hurudiwa.

Kompyuta zingeweza kuibeba habari hiyo, lakini kila kituo huweza kuwa na mfumo wake. Kuunganisha kila mfumo na kila mwenzake ni kazi isiyokwisha: mifumo 6 huhitaji viungo 15, mifumo 10 huhitaji 45. Kwa hiyo huwekwa kitovu kimoja katikati, na mifumo 10 ikatosheka na viungo 10.

Miongoni mwa programu za kazi hii ni OpenHIM ya shirika la Jembi la Afrika Kusini, yenye chimbuko lake katika kuunganisha taarifa za afya nchini Rwanda. Imeandikwa kwa JavaScript, lugha ya kompyuta iliyoanzia katika kurasa za intaneti. Tanzania nayo imeitumia kujengea kitovu chake cha taarifa za afya. Kitovu humtambua mtumaji, husoma anwani, hupeleka ujumbe na kuandika daftarini matokeo yake. Kazi nyingine huachiwa programu ndogondogo zinazokizunguka: moja hulinganisha misimbo ya maradhi, nyingine huhakiki namba ya kituo. Moja ikiharibika, zilizobaki huendelea.

Wakazi wa Magomeni wanajua kwamba Jangwani ikifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa na safari za mjini husimama. Mtandao nao hukatika. Kitovu kilichopangwa vizuri huuhifadhi ujumbe na kuutuma tena baadaye. Lakini hapo pana mtego: huenda ujumbe wa kwanza ulifika, ila jibu la kuupokea likapotea njiani, marudio yake yatazaa majibu mawili ya kipimo kimoja. Ndiyo sababu kila ujumbe hupewa namba ya pekee, na mfumo unaopokea hupaswa kuikataa namba uliyokwisha kuiona.

Kosa la utambulisho ni zito zaidi, kwa kuwa kitovu hakiwezi kulisahihisha. Mgonjwa akiandikwa Mwanahamisi huku na Mwanaamisi kule, mashine yaweza kuona wanawake wawili. Wanawake wawili wenye jina moja wakichanganywa, kundi la damu la mmoja laweza kuingia katika faili la mwingine, na kitovu kitalifikisha kosa hilo upesi kuliko karatasi. Mhudumu wa mapokezi asiridhike na jina tu. Aulize pia tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili. Mgonjwa naye ataje jina lilelile kila aendapo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo si utovu wa adabu mgonjwa kuuliza zake zinapelekwa kwa nani. Na mpaka kituo chako kitakapounganishwa, karatasi ile ya rufaa usiiache nyumbani.