Sarah Bernhardt: Sauti ya Jukwaani na Picha Zisizosema

Sarah Bernhardt alizaliwa Paris mwaka 1844, akafariki huko huko tarehe 26 Machi 1923. Aghalabu hutajwa kwa umaarufu wake na safari zake nyingi. Kwa mchunguzi wa lugha, hata hivyo, maisha yake yana jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni hili: mwigizaji ambaye kipaji chake kikuu kilikuwa matamshi aliingia katika sinema wakati sinema ilikuwa bado bubu.

Mwaka 1860 aliingia Conservatoire, chuo cha muziki na uigizaji cha Paris, na mwaka 1862 akatokea mara ya kwanza katika Comédie-Française, akiigiza Iphigénie wa Racine. Mwanzo huo haukusifiwa, na mwaka uliofuata aliondoka baada ya kumpiga kofi mwigizaji aliyemzidi umri na cheo. Jina lake lilivuma mwaka 1869 katika jumba la Odéon, alipoigiza kijana Zanetto katika mchezo wa François Coppée, Le Passant. Mwaka 1872 Comédie-Française ilimrudisha, na mwaka 1874 akaigiza Phèdre.

Tamthilia za Racine zimetungwa kwa mashairi. Kila mshororo una mizani 12, nao hukatwa katikati kuwa vipande viwili vya mizani 6. Aliyezoea shairi la Kiswahili la mizani 16, yaani 8 na 8, hatauona mpango huo kuwa mgeni. Ugumu umo katika matamshi. Katika mazungumzo ya kila siku Mfaransa huimeza irabu dhaifu ya mwisho wa neno. Katika shairi irabu hiyo huhesabiwa kuwa mizani kamili iwapo inafuatwa na konsonanti. Basi mwigizaji hana budi kutimiza hesabu ya mizani, na papo hapo kuyafanya maneno yasikike kuwa ya mtu mwenye uchungu wa kweli. Hapo ndipo Bernhardt alipopata sifa. Alisema kwa lahani iliyokaribia wimbo, hata sauti yake ikaitwa sauti ya dhahabu.

Mwaka 1880 alijiuzulu, akaanza safari yake ya kwanza ya Marekani. Huko aliigiza kwa Kifaransa, mbele ya watu ambao wengi wao hawakukijua. Hao walifuata mchezo kwa vitabu vya tafsiri, na yaliyobaki waliyapata kwa lahani ya sauti na kwa mwendo wa mwili.

Sinema iliondoa hata lahani. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, mwaka 1900, alionekana katika picha fupi ya Hamlet akipigana kwa upanga. Sehemu iliyochaguliwa ilikuwa ya vitendo, isiyohitaji maneno mengi. Mwaka 1912 ilitoka picha ndefu zaidi, Les Amours de la reine Élisabeth, ambayo Adolph Zukor aliieneza Marekani. Humo maelezo yaliyoandikwa hutangulia kila tukio. Kisha malkia huinua mikono, midomo hucheza, wala hakuna kinachosikika.

Watazamaji wa baadaye wamezilaumu ishara hizo kuwa zimepita kiasi. Lawama hiyo haina haki. Ishara zake zilifundishwa jukwaani, ziandamane na mshororo na kuinuka na kushuka pamoja nao. Kinachoonekana katika picha ni nusu ya usemi ambao nusu yake ya pili imeondolewa.

Mwaka 1915 alikatwa mguu wa kulia, lakini hakuacha kuigiza. Alipofariki alikuwa katika kazi ya picha ya La Voyante. Picha ya The Jazz Singer, iliyofungua mlango kwa sinema yenye maneno, ilitoka mwaka 1927. Sauti yake imesalia katika rekodi chache, ikiwamo silinda ya Phèdre aliyoinasia kampuni ya Edison mwaka 1910. Kwa hiyo mchunguzi ana mwili wake katika filamu na sauti yake katika silinda, na lile lililowashangaza watu wa zama zake, yaani viwili hivyo vikifanya kazi pamoja, halikuhifadhiwa popote.