Usitupe kava! Vile riwaya za zamani za majambazi zilikuwa zinakuchota kabla hujafungua ukurasa wa kwanza

Leo tuache stori za masupastaa kidogo, tuongee juu ya kitu iko kwa kabati ya mjomba wako na imejaa vumbi: zile riwaya za wezi, masanse na mauaji.

Mimi nimelelewa Suam, hapo mpakani na Uganda, kabla lami ifike. Kitabu kilikuwa kinatoka Kitale na mat, kinapitia Endebess, na kikinifikia kimeshasomwa na kijiji mzima. Cha kwanza kilikuwa cha James Hadley Chase. Kwa kava kulikuwa na mresh wa bikini ameshika bastola. Mathe angeiona ningelala nje, so nikaifunika na gazeti kama kitabu cha hesabu. Nikakimaliza siku mbili. Shida ni moja: huyo mresh sikumpata popote ndani ya stori!

Tangu hiyo siku mimi hucheki kava kwanza. Kila moja inakuambia vile kampuni ilikuwa inakuona wewe mnunuzi. Cheki hizi nne.

1. Penguin: rangi tu, basi

Penguin ilianza Uingereza mwaka wa 1935. Hakukuwa na picha ya maana, ni rangi. Chungwa ilikuwa riwaya za kawaida, buluu maisha ya watu, na kijani ilikuwa ya uhalifu. Ukiona kijani kwa stesheni ya treni unajua kuna maiti ndani. Miaka ya 60 msee anaitwa Romek Marber akapanga upya hizo kava za kijani, akaweka picha chini na maandishi juu kwa mistari safi. Hapa wanakuona kama msomaji mtulivu, hutaki kelele.

2. Agatha Christie: kava ni dalili

Kwa kampuni ya Fontana, mchoraji Tom Adams alimchorea Christie miaka ya 60 na 70. Huyu alikuwa moto. Kwa Death in the Clouds alichora nyigu mkubwa kushinda ndege! Unaona ni kama ndoto mbaya, lakini ukimaliza kitabu unarudi kwa kava unasema, kumbe jibu lilikuwa hapa. Hapa wanakuona kama mpelelezi.

3. Chase: chambo

Jina lake halisi lilikuwa René Raymond, mzaliwa wa London, 1906. Aliandika stori za majambazi wa Marekani akitumia ramani na kamusi za lugha ya mtaa ya huko. Miaka ya 70 kampuni ya Corgi ikaweka picha za marembo, nguo kidogo, bunduki kando. Stori ni kali, siwezi danganya. Lakini kava ilikuwa ndoano na wewe ndio samaki.

4. Pacesetters: huyu ni wewe

1977 Macmillan wakaleta Pacesetters, vitabu vya waandishi wa Afrika. Kava zilikuwa picha za kamera, watu weusi wakiigiza kisanga. David Maillu wetu aliingia 1980 na The Equatorial Assignment, jasusi wake akiitwa Benni Kamba, 009. Ukiangalia hizo picha leo utacheka, waigizaji wamekaza sura kama wako kwa studio ya pasipoti. Lakini mjomba wangu hacheki. Anasema alinunua moja Kitale juu msee wa kwa kava alikuwa na afro kama yake na suti kali. Kabla ya hapo, kwa vitabu alivyokuwa anapata, mtu mweusi kwa kava alikuwa mwizi ama mpishi. Huyu alikuwa bosi wa stori.

Na kuna John Kiriamiti, yeye jina lilitosha. Alifungwa 1971 juu ya wizi wa mabavu, akatoka 1984, na mwaka huohuo Spear Books wakatoa My Life in Crime. Chora chochote hapo, hakuna picha inashinda jambazi mwenyewe akisema "maisha yangu".

Sasa, mbona nakusumbua na makaratasi? Juu hiyo kava ya mjomba niliing'oa mimi. Nilikuwa darasa la sita, nikaikata nikatengeneza karata. Hakunichapa. Alikiangalia hicho kitabu kikiwa uchi, akakirudisha kwa kabati.

Siku hizi nikiwa Kitale lazima niiname kwa wale wanauza vitabu chini. Nyingi hazina kava, na muuzaji anakupunguzia: ya soo unapewa na finje. Ya PDF kwa simu nayo huja bila kava kabisa. Maneno yanabaki, lakini afro, suti, na vile watu walijiona hiyo miaka vinaenda.

So ukipata moja kwenu, gundi ni bei rahisi. Bandika. Na ukiona Pacesetters ya msee wa afro na suti kali, usiuzie mtu mwingine. Nipigie kelele, nikuje na mat ya kwanza. Kuna mzee Suam bado ananiuliza kila nikienda ocha.