UTARIDI, MJUMBE ASIYEACHANA NA JUA

Gazeti lifikapo katika kambi na vituo vyetu, mara nyingi ukurasa wa nyota husomwa kabla ya habari za dunia. Siku hizi simu nazo zimeongeza bidii. Zinawaonya watu kwamba Utaridi inarejea nyuma, basi wasisafiri, wasitie sahihi mkataba, wala wasianze kazi mpya. Kwa raia, onyo la namna hiyo pengine litachelewesha ununuzi wa pikipiki. Kwa mtu aliyekabidhiwa bunduki, na pamoja nayo roho za wenzake, jambo hilo ni zito zaidi. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo tuwaeleze ndugu zetu askari wa jeshi na polisi Utaridi ni kitu gani, wanajimu husema nini juu yake na Jua, na ni sehemu gani ya maneno yao askari anaweza kuichukua bila kujidhuru.

Utaridi, ambayo wengine huiita Zebaki, ndiyo sayari ndogo kupita zote na iliyo karibu zaidi na Jua. Askari wa lindo la alfajiri ana nafasi njema ya kuiona kuliko karani wa ofisini. Huonekana chini upande wa mashariki kabla ya kupambazuka, au chini upande wa magharibi baada ya Jua kutua. Sisi tukaao karibu na ikweta tuna bahati, kwa kuwa huku njia ya sayari husimama wima zaidi juu ya upeo wa macho kuliko katika nchi za kaskazini. Lakini usiku wa manane haionekani kamwe. Katika duara la mbingu lenye nyuzi 360, Utaridi haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 28 hivi. Jua likizama, nayo hulifuata upesi; Jua likichomoza, nayo humezwa na mwanga.

Watu wa kale waliliangalia jambo hilo kwa makini, na ndilo lililozaa maana zote walizoipa sayari hii. Huko Babeli waliifanya kuwa nyota ya Nabu, mungu wao wa uandishi. Wayunani waliiona alfajiri wakaiita Apollo, wakaiona jioni wakaiita Hermes, hata walipotambua kwamba ni moja. Huyo Hermes alikuwa tarishi wa miungu. Warumi walimwita Mercurius, na hadi leo Wafaransa huiita siku ya Jumatano kwa jina lake. Katika karne ya 2 Ptolemy wa Alexandria, nchini Misri, alikusanya elimu ya unajimu ya zama zake katika kitabu. Elimu hiyo ikawafikia wataalamu wa Baghdad, mji ambao msingi wake uliwekwa mwaka 762 katika saa iliyochaguliwa na wanajimu wa Khalifa al-Mansur. Kwa njia ya Kiarabu ndipo jina la Utaridi lilipoingia katika Kiswahili chetu.

Waajemi na Waarabu walizipanga sayari kama baraza la mfalme, na mpango huo utamvutia kila askari. Jua ndiye mfalme. Mirihi, nyota nyekundu, ndiye amiri wa jeshi. Mshtarii ndiye kadhi, na Zuhura ndiye mpiga ala. Utaridi ndiye katibu, mwenye kalamu na wino, akaaye karibu na kiti cha enzi ili ayaandike maneno ya mfalme na kuyapeleka yanakotakiwa.

Basi katika unajimu Jua ni uhai, nafsi ya mtu, heshima yake, baba na mtawala. Utaridi ni akili ipimayo mambo, ulimi, kalamu, hesabu, biashara, safari na habari. Jua huamua, na Utaridi hufikisha. Jua limepewa nyumba moja tu miongoni mwa buruji kumi na mbili, nayo ni Simba. Utaridi imepewa mbili, Mapacha na Mashuke, na hiyo ya Mashuke imepakana na Simba, kama ofisi ya katibu ilivyopakana na ile ya mkuu wake. Ptolemy aliongeza kwamba Utaridi haina tabia yake yenyewe isiyobadilika. Ikikaa na sayari njema huwa njema, ikikaa na mbaya huwa mbaya. Maneno hayo yangeweza kusemwa juu ya karani yeyote.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wa ukurasa wa nyota hawaelezwi mara nyingi. Kila buruji ina nyuzi 30, na Utaridi haiendi mbali na Jua zaidi ya nyuzi 28. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Jua likiwa katika Simba, Utaridi yake ni lazima iwe katika Kaa, Simba au Mashuke, na si penginepo. Mnajimu anaposema kwamba akili ya mtu iko karibu na nafsi yake, anatoa habari iliyo ya kila mwanadamu aliyepata kuzaliwa. Ukaribu huo umetokana na mpango wa mbingu, wala haukuandikwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Wanajimu pia huupima ukaribu wenyewe. Utaridi ikiwa ndani ya nyuzi 8 hivi kutoka kwa Jua, wale wanaofuata njia ya Wayunani na Waarabu husema imeungua. Maana yake, katibu amemkaribia mno mfalme, ameunguzwa na ukali wake, hana tena neno la kwake. Lakini ikiingia katikati kabisa, ndani ya sehemu ndogo isiyotimia theluthi moja ya uzi mmoja, hubadilisha hukumu. Hapo husema imo moyoni mwa Jua, nayo hupata nguvu kama mtu aliyekaribishwa faraghani na mfalme. Nchini India sayari hiyo huitwa Budha, na wanajimu wengi wa huko huusifu mkutano wake na Jua katika buruji moja kuwa ni dalili ya akili nyingi na sifa njema. Tazameni basi: mahali ni pamoja, sayari ni zilezile, lakini mmoja asema mtu ameungua na mwingine asema amebarikiwa. Taarifa mbili za doria zikipingana namna hiyo, ofisa mwenye busara hatumi kikosi kwa kutegemea mojawapo. Hutuma watu wengine wakaangalie.

Sasa tuje kwenye huko kurejea nyuma kunakotangazwa sana. Utaridi huonekana ikirudi nyuma mara tatu au nne kila mwaka, kwa muda wa majuma matatu hivi kila mara. Kwa macho jambo hilo ni kweli, lakini sababu yake ni nyepesi. Mtazameni mwenzenu anayeuzunguka mlingoti wa bendera huku nyinyi mmesimama nje ya njia yake. Akiwa nyuma ya mlingoti mtamwona akielekea mkono mmoja, na akija upande wenu mtamwona akielekea mkono wa pili. Yeye hakugeuka wala hakusita, anazunguka vilevile. Mlingoti ni Jua, mzungukaji ni Utaridi, na watazamaji ni sisi wa dunia. Utaridi humaliza mzunguko wake kwa siku 88, sisi kwa siku 365, na kila ipitapo kati yetu na Jua huonekana kurudi nyuma. Kama jeshi lingesimamisha safari na maandishi kila ifikapo hali hiyo, lingekaa bila kazi siku sitini na zaidi katika mwaka, na adui asingekuwa na wajibu wowote wa kutusubiri.

Mara chache Utaridi hupita mbele kabisa ya uso wa Jua, ikaonekana kwa vyombo maalumu kama nukta nyeusi. Mtaalamu wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa Pierre Gassendi, mjini Paris, tarehe 7 Novemba 1631. Alijua wakati wa kutazama kwa sababu Johannes Kepler alikuwa amekwisha kupiga hesabu na kuitangaza siku hiyo kabla ya kufariki mwaka 1630. Kwa hesabu za namna hiyohiyo twajua kwamba Utaridi ilipita mbele ya Jua tarehe 11 Novemba 2019, na kwamba itapita tena tarehe 13 Novemba 2032. Utabiri huo haukosei siku.

Kepler huyohuyo alipiga pia falaki za watu, kwa kuwa kazi hiyo ilimpatia riziki. Mwaka 1608 alimtengenezea falaki kijana mmoja aliyeitwa Wallenstein, ambaye baadaye alikuwa jenerali mkuu wa Mfalme wa Dola Takatifu ya Kirumi katika Vita vya Miaka Thelathini. Wallenstein aliupenda unajimu hata akaweka mnajimu wake mwenyewe. Mwezi Februari 1634 aliuawa na maofisa waliokuwa chini yake mjini Eger. Hesabu za Kepler juu ya Utaridi zilitimia kwa siku na tarehe. Falaki ya jenerali haikumzuia kulala katika mji ambamo wauaji wake walikuwa wakijiandaa.

Kisa kingine ni cha zamani zaidi, nacho kinahusu Mwezi. Mwaka 413 kabla ya Kristo jeshi la Athene lilikuwa limeuzingira mji wa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, bila mafanikio. Maradhi yalilidhoofisha, na makamanda wakakubaliana waondoke kwa merikebu. Usiku ambao kila kitu kilikuwa tayari, Mwezi ukapatwa. Kamanda Nicias, aliyekuwa mtu wa kusikiliza waaguzi, aliambiwa asubiri siku tisa mara tatu, yaani siku 27. Akasubiri. Adui hakusubiri, alilishinda jeshi hilo baharini na kuufunga mlango wa bandari. Waathene wakajaribu kutoroka kwa nchi kavu, wakaandamwa na kuangamizwa njiani. Nicias mwenyewe aliuawa, na mateka wasiopungua 7,000 walitupwa katika machimbo ya mawe, ambako wengi walikufa. Mwezi ulirudia nuru yake usiku uleule, lakini siku zilizopotea hazikurudi.

Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Wayunani peke yao. Katika mwaka 1986 na 1987, hapa nchini Uganda, wapiganaji wa Alice Auma walipakwa mafuta ya shea, wakaambiwa kwamba risasi hazitawadhuru mradi washike masharti. Auma alijulikana kwa jina la Lakwena, neno la Kiacholi lenye maana ya mjumbe. Walitembea kutoka kaskazini hadi karibu na Jinja, wakashindwa huko mwishoni mwa mwaka 1987, baada ya vijana wengi kupoteza maisha. Hatulisemi hili kwa kuwadhihaki. Walikuwa watoto wa nchi hii, na ushujaa hawakuukosa. Kilichowaponza ni habari ya uongo waliyoiamini juu ya risasi, na habari ya uongo huua mjinga na shujaa pamoja.

Hapo ndipo tunapoliona fundisho lililo bora katika hadithi ya Utaridi. Ukiondoa ramli, inabaki picha ya katibu na mfalme wake, na picha hiyo twaijua sote. Kamanda ni kama Jua: neno lake huanzisha mambo. Lakini neno hilo halifiki popote bila mtu wa redio, dereva wa barua, karani wa zamu, na konstebo aandikaye kitabu cha matukio kituoni. Mjumbe akikaa mbali mno na mkuu wake, hupeleka uvumi. Akijikaribisha mno hadi akaogopa kusema lisilopendeza, ameungua kweli, kama wasemavyo wanajimu, kwani hana tena faida kwa mkuu wala kwa kikosi. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walijua kwamba mkuu anayemwadhibu mleta habari mbaya ataletewa habari njema tupu mpaka siku ya kushindwa.

Utaridi yenyewe sasa si siri tena. Ni mwamba wenye upana wa kilomita 4,880 hivi, uliojaa mashimo kama Mwezi. Mchana joto lake hupita nyuzi 400 za selsiasi, na usiku baridi yake hushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri. Chombo cha Marekani kilichoitwa Messenger, yaani Mjumbe, kiliizunguka tangu mwaka 2011 hadi 2015, na kikathibitisha kuwa kuna barafu ndani ya mashimo ya ncha zake, mahali ambapo mwanga wa Jua haufiki kamwe. Habari hiyo ilipatikana kwa kwenda na kutazama.

Kwa hiyo, ndugu askari, usomapo ukurasa wa nyota, usome kama usomavyo hadithi nzuri ya wazee. Uwapo lindoni alfajiri, itafute Utaridi chini mashariki, uifurahie, kisha urudishe macho yako barabarani. Na ukitumwa na habari, iwe ndogo au kubwa, tamu au chungu, ifikishe kama ilivyo na kwa wakati wake. Usalama wa wenzako uko katika kazi hiyo, siku ambazo Utaridi yaonekana kwenda mbele na siku ambazo yaonekana kurudi nyuma.