Nyimbo nyepesi kwa wamama wenye haya ya kuimba

Wakati wa karaoke kambini, wamama wengi wanabaki nyuma. Wanasema sauti yao ni mbaya. Mara nyingi sauti ni nzima, ila sisi tumechagua wimbo vibaya. «Malaika», uliojulikana sana kwa sauti ya Miriam Makeba, wote wanaupenda, lakini unapanda ghafla na pumzi inakwisha. Heri kuanza na «Jambo Bwana» wa Them Mushrooms wa Kenya, wa mwaka 1982: maneno machache, kiitikio kinarudi-rudi. Mama asiyejua kusoma hahangaiki na maandishi yanayokimbia kwenye kioo, maana anaujua kwa moyo. Waimbe kwanza watatu au wanne pamoja. Kama mashine ina kifungo cha kushusha wimbo, tukitumie, hakuna aibu.

Lakini wepesi peke yake hautoshi. Wimbo wa kundi la silaha, au wa kudharau kabila, hatuuweki hata kama ni rahisi. Mama akisikia wimbo ulioimbwa na waliochoma kijiji chake, atarudi hemani na hatatoka tena. Kwa hiyo, ndugu viongozi, ulizeni wamama wa kila upande kabla ya kupanga orodha.