Barafu Ndani ya Kabureta

Wengi wetu tukisikia barafu kwenye gari hufikiria Ulaya. Lakini barafu ya kabureta haingoji theluji. Hata asubuhi ya ukungu kule Limuru, mwezi wa Julai, joto likiwa nyuzi 10 hivi, Volkswagen Beetle ya zamani yaweza kupatwa nayo.

Sababu ni hii. Petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto, kama spiriti inavyoacha ubaridi mkononi. Ndani ya kabureta joto laweza kushuka kwa nyuzi 20 na zaidi. Unyevu wa hewa huganda juu ya kile kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Gari hukohoa, hukosa nguvu, kisha huzima. Ukilipumzisha, barafu huyeyuka, nalo hunguruma kana kwamba hakuna lililotokea! Ndiyo maana makanika wengine hulaumu plagi bure.

Baya zaidi ni kisahani kugandia kikiwa wazi. Hapo unaondoa mguu na gari linazidi kukimbia tu. Kanyaga klachi na breki, uzime injini, lakini usichomoe ufunguo, maana usukani waweza kujifunga.

Kinga je? Waliounda Beetle waliweka bomba jembamba la kupitisha moshi moto chini ya kabureta. Bomba hilo huziba kwa masizi. Injini ikinguruma kitambo na bado bomba ni baridi, basi lizibuliwe. Tena usitupe kichujio cha hewa cha asili ati kwa sababu ya urembo. Hicho ndicho huvuta hewa yenye joto kutoka upande wa silinda. Waya wa akselereta nao upakwe grisi, maji yasije yakagandia humo.