Vita vya Dunia, Hesabu ya Nani?

Kila mwaka tarehe 11 Novemba, saa tano ya asubuhi, watu wengi wa Ulaya husimama kimya dakika mbili kukumbuka kwisha kwa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Kimya hicho ni cha heshima, wala hatukibezi. Lakini saa ile ile ya mwaka 1918, katika nchi ambayo leo ni Zambia, vita vilikuwa havijakoma. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, alipata habari za amani tarehe 13 karibu na mto Chambeshi, akaweka silaha chini tarehe 25 huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo. Basi kitabu kisemacho kwamba vita vilikwisha duniani kote tarehe 11 kimeandika kalenda ya Ufaransa, kikaiita kalenda ya ulimwengu.

Twalisema hili kwa kuwa siku hizi wataalamu wengi wanajitahidi kuiandika historia ya vita vile kuwa historia ya dunia nzima, na jitihada yao ni njema. Bwana Hew Strachan, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2001, aliipa Afrika kurasa nyingi. Wengine, hata hivyo, hutuwekea sura moja ya mwisho, kama mgeni aliyefika karamuni vyombo vikioshwa. Kuongeza sura si kuandika historia ya dunia. Kazi ni kuufuata uzi unaounganisha mahali na mahali.

Na uzi huo wapita kwetu. Mwezi wa Oktoba 1917, huko Mahiwa, bara ya Lindi, vijana waliotoka Nijeria walipigana siku nne na askari wa Mjerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika vilevile. Katika vita hivyo vya Afrika Mashariki walikuwako pia Wahindi, watu wa Gold Coast, Makaburu, watu wa visiwa vya West Indies, na Wakongo chini ya Wabelgiji, walioingia Tabora Septemba 1916. Chanzo cha yote ni ugomvi wa wafalme wa Ulaya uliolipuka Sarajevo. Mwandishi akiketi Lindi tu, akauliza kila mtu alikotoka na aliyemleta, ataizunguka dunia bila kupanda meli.

Lakini wenye bunduki walikuwa wachache kuliko wenye mizigo. Mbung'o aliua farasi na nyumbu kwa makumi elfu, barabara za magari zilikuwa chache na mvua ikazivunja. Ikabaki shingo ya mwanadamu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Ndugu wafanyakazi, piga hesabu hii. Tuseme mtu amebeba unga ratili 50, naye hula ratili 2 kwa siku. Safari ikiwa siku kumi za kwenda na kumi za kurudi, amekula ratili 40. Askari aliye mbele amepata ratili 10. Ukitaka kumlisha askari huyo, yakupasa kukamata watu wengi sana. Na ukitaka kupunguza watu, yakupasa kumpunguzia mbebaji chakula chake. Wakubwa walifanya yote mawili. Unga usioiva ukaleta kuhara, baridi na mvua zikaleta homa ya mapafu, na magonjwa yakaua wengi kupita risasi. Kwa hesabu ya serikali ya Kiingereza yenyewe walikufa zaidi ya 95,000, na wataalamu wengi waamini kwamba walizidi. Wajerumani, kwa wapagazi wao, hawakuacha daftari la kutegemewa.

Wala kifo hakikuishia njiani. Majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa Ugogo. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Wagogo waliiita njaa ile Mtunya, nayo ilidumu tangu 1917 hadi 1920. Je, waliokufa kwa Mtunya ni wafu wa vita, au wa ukame? Twaona ni wafu wa vita. Lakini vitabu vingi vya vita havina hata jina la njaa hiyo.

Mtu atasema: hakuna maandishi. Jibu hilo halitoshi. Waingereza walitoa kitabu rasmi cha vita vya Afrika Mashariki mwaka 1941, juzuu ya kwanza, kinachokoma Septemba 1916. Juzuu ya pili haikutolewa kamwe. Yaani mwaka 1917, mwaka wa msako mkubwa wa wapagazi, haukupata kitabu chake. Na huko Nyasaland, mhubiri John Chilembwe aliandika barua gazetini Novemba 1914, akiuliza kwa nini Waafrika wafe katika vita visivyo vyao. Wakubwa walilizuia gazeti hilo. Mwezi wa Januari uliofuata aliongoza maasi, akauawa. Maandishi yalikuwako, basi, yalifungiwa mlango.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tazama pengo lililo kati ya tarakimu hizo mbili! Hakuna jeshi linalokosea hesabu ya bunduki zake kiasi hicho.

Waingereza walipouchukua mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wao walipiga kambi katika kiwanja kilichokuwa nyuma ya mji. Jina la kikosi chao, katika vinywa vya wenyeji, likawa Kariakoo. Leo twaenda huko kununua samaki na vitenge.