Tuma pesa Julai, usisubiri simu ya Februari

Simu ya Februari unaijua. Mama anaanza na salamu ndefu, anauliza hali ya huko, anauliza kazi, halafu: "Mwanangu, unga umeisha." Unatuma. Machi simu inarudi, Aprili hivyo hivyo. Ukikaa na daftari mwisho wa mwaka unakuta umenunua mahindi ambayo nyumbani waliyalima wenyewe, wakayauza Julai kwa bei ya chini.

Nichukue Babati, kwetu, maana ndiko ninakokujua. Mahindi yanavunwa kuanzia Juni hadi Agosti. Wakati huo kila mtu ana mahindi, kwa hiyo bei iko chini. Lakini ndio wakati wenye madeni nao wanapita: aliyekopesha mbolea, mwenye trekta, vibarua wa palizi. Shule inafungua muhula wa pili. Harusi na kipaimara navyo hupangwa baada ya mavuno. Mzee hana pesa taslimu, ana magunia. Anauza. Na mnunuzi akija na lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, anaondoka na kilo nyingi zaidi ya 100 kwa bei ya gunia moja.

Tufanye hesabu. Bei nilizoweka ni za mfano tu, wewe weka za kijijini kwenu. Tuseme nyumbani wameuza magunia manne Julai kwa shilingi 50,000 kila moja, wakapata 200,000. Februari wananunua manne kwa 90,000, jumla 360,000, na pesa hiyo imetoka kwako. Sasa tuseme ungetuma ile 200,000 mwezi Julai, wakalipa madeni, magunia yakabaki ndani, ukaongeza 24,000 ya mifuko mizuri ya kuhifadhia. Umetumia 224,000. Umeokoa 136,000, na bado sijahesabu ada za kutuma. Kama unakotumia wanatoza ada ile ile kwa kila muamala, kutuma mara moja badala ya mara nne ni akiba nyingine.

Kinachowashinda wengi ni kwamba Julai hakuna anayelia njaa, kwa hiyo pesa haitoki. Dawa yake ni kuanza kuweka kidogo kidogo tangu Januari, mahali ambapo hupaguzi. Na ukituma, sema wazi: hii ni ya magunia manne yasiuzwe. Ukiituma kama hela ya matumizi, itatumika.

Sasa, kubakiza magunia ni kazi bure kama yataliwa na dumuzi. Huyu mdudu hakuwa wetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na kwetu alianza kuonekana Tabora, ikatangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuna sehemu wanamwita Skania, kwa jinsi anavyosomba. Akiingia kwenye mahindi, baada ya miezi michache unabaki na unga wa vumbi na maganda. Wakulima wengi wanauza mapema kwa kumwogopa yeye tu, hata kama hawana deni.

Mfuko unaomshinda una tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito kwa ndani na wa salfeti kwa nje. Unaojulikana zaidi unaitwa PICS, na ulianzia kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakihifadhi kunde kule Kameruni. Hauna dawa yoyote. Kila tabaka linafungwa kwa kamba peke yake, hewa ya ndani inaisha, wadudu wanakosa pumzi na kufa. Ukitunzwa usitoboke, unatumika zaidi ya msimu mmoja. Weka mahindi yaliyopepetwa, yasiyo na vipande vya magunzi, kwa sababu vinatoboa plastiki. Inua mifuko kwenye mbao, isiguse ukuta, maana panya naye yumo kwenye hesabu. Na usifungue fungue: ya kula mwezi wa kwanza na wa pili yakae kwenye gunia la kawaida.

Hapa ndipo mimi na mama tulipokosea mwaka wa kwanza. Nilimharakisha nikitaka picha ya mifuko imefungwa, na mahindi hayakuwa yamekauka. Tulipofungua, mfuko mmoja ulinuka. Tukaumwaga wote, hata kuku hatukuwapa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, mkoa wetu huo huo, na Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Sumukuvu haiondoki kwa kupika ugali. Kwa hiyo kabla ya kufunga, chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, tikisa, acha itulie. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si kwenye udongo.

Swali ninaloulizwa sana: je, ninunue magunia mia niweke, niuze Februari? Hiyo ni biashara nyingine kabisa. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje, na walioweka wakingoja bei ipande walibaki nayo. Gunia la kula halina hasara hiyo, kwa sababu bei ikishuka bado umekula. Anza na tumbo la nyumbani.

Kilichookolewa, mimi nakirudisha kwenye udongo. Babati watu wanachanganya mahindi na mbaazi shamba moja, na nadhani ni akili kuliko mifuko mingi ya mbolea tunayotumia pesa kuinunua. Mbaazi inakua taratibu, mahindi yanavunwa kwanza, yenyewe inakomaa baadaye. Mizizi yake inaingiza naitrojeni ardhini, na majani yanayodondoka yanaoza na kuwa mbolea. Mbolea ya dukani inapungua, na zao la pili linatoka palepale. Ongeza samadi ya zizini, na mabua yasichomwe.

Ila usiingie kwa tamaa. Mbaazi zetu nyingi zilikuwa zinakwenda India, na Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha kuagiza, bei ilianguka vibaya. Wapo walioziacha shambani. Waliozoea kuzila, pwani zinaungwa kwa nazi na kuliwa kwa maandazi, walikuwa na mboga angalau. Kwetu ilibidi mama ajifunze kuzipika akiwa na miaka zaidi ya 60, na sasa analalamika nikimwambia auze.

Mwaka huu nimeshamuuliza anahitaji mifuko mingapi. Amesema sita, na chupa ya chumvi anayo.